Vipandio Vitatu Hadi Kahawa ya Mama Mkwe

Jana usiku niliota nasomewa mashtaka na kipimajoto.

Niseme kwanza kazi yangu, msije mkanionea. Mimi ndiye msoma hali ya hewa wa kikundi chetu cha wakulima wa kahawa, huku Mbinga. Kila alasiri nafungua kibanda cheupe, nasoma vipimajoto viwili: kimoja kikavu, kingine kimevalishwa kitambaa cha pamba chenye maji. Tofauti yao inanipa unyevu wa hewa. Nikishaujua unyevu, najua umande utaanza kuanguka kwenye nyuzi ngapi, nami nawaambia watu wafunike kahawa yao iliyoanikwa vichanjani au waiache wazi.

Jana nilimwambia mama mkwe wangu, Mama Ositha, asifunike.

Sasa ndotoni, kipimajoto chenye kitambaa kimekaa kwenye kiti changu cha ofisini, kimekunja nne.

"Otmari," kinasema, "mara ya mwisho umenilowesha lini?"

"Juzi."

"Juzi ipi?"

Naanza kuhesabu vidole.

"Jana nilikuwa mkavu kama ndugu yangu huyu. Tukasoma sawa, ishirini na mbili kwa ishirini na mbili. Tukisoma sawa maana yake nini?"

"Hewa imejaa maji, asilimia mia."

"Na wewe ukaandika ngapi?"

"Sitini. Nje kulikuwa na jua, mia isingewezekana. Sitini ilikuwa ya wiki iliyopita, bado nzima kabisa."

"Kwa hiyo ulimtungia mama wa watu."

"Nilimkadiria," nasema. "Alikuwa amesimama mlangoni. Nimsimamishe mama mkwe juani nikitafuta maji?"

Kinacheka mpaka zebaki inapanda nyuzi mbili.

Ofisi imekuwa ngazi, sijui tangu lini. Kipandio cha juu kimeandikwa 22, cha chini kabisa 16. Chini pale naviona vichanja vya Mama Ositha, na yeye mwenyewe amesimama anachambua punje mbovu. Juu amesimama mama mnene, kanga kiunoni, ndoo ya maji kichwani. Ni Hewa.

"Alfajiri lazima niwe nimefika kumi na sita," ananiambia. "Kila nikishuka kipandio, ndoo inasinyaa. Maji ni yale yale. Ikifurika, mimi simo. Wewe msomi, nitaanzia wapi kumwaga?"

Hilo nalijua hata nikiwa nimelala, na kweli nilikuwa nimelala. "Unatazama unyevu umepungua ngapi kufika mia, unagawa kwa tano, unatoa kwenye joto. Sitini imepungua arobaini. Gawa kwa tano, nane. Ishirini na mbili toa nane, kumi na nne. Wewe unaishia kumi na sita. Humwagi."

"Chungulia ndoo basi."

Nachungulia. Haikuwa sitini. Ilikuwa themanini na tano. Imepungua kumi na tano. Gawa kwa tano, tatu. Ishirini na mbili toa tatu, kumi na tisa.

"Vipandio vitatu tu, baba," anasema Hewa, na anashuka cha kwanza. Ndoo inasinyaa.

Kahawa iliyokauka ikilowa inaota kuvu, na mama yule hana kitu kingine. Jasho lake la mwaka mzima lilikuwa limeanikwa pale, kwa sababu ya sitini yangu.

"Mama! Shikamoo!" napiga kelele.

"Marahaba, mkwe wangu. Za huko juu?"

"Nzuri, mama."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Hewa anashuka cha pili.

"Na mwanangu Kalista, kikohozi chake?"

"Kimepoa, mama. Mama, ile sitini niliitunga!"

Salamu za mama mkwe hazikatizwi, na mimi nimezikatiza. Natamani ngazi inimeze.

"Sikulowesha kitambaa, mama. Nilikuona mlangoni nikaona aibu kusema sijui. Nisamehe. Funika kahawa!"

"Hilo tu?" anasema. "Ungesema jana nikakuchotea maji. Haya, shika pembe ya turubai."

Nateremka mbio, tunavuta huku na huku. Turubai linafika kila mahali isipokuwa kona moja, ukubwa wa sinia. Hewa ananyanyua mguu kuja kumi na tisa. Ndoo imebaki kama kikombe, inafurika.

Navua shati. Mbele ya mama mkwe! Yeye anageuza uso kule, mimi nageuza wangu huku, natandaza shati juu ya kahawa. Maji yananimwagikia mgongoni. Jamani, baridi ile!

Nikaamka natetemeka. Kumepambazuka, na dirishani naona majani yote yamelowa chapachapa. Nikaruka kitandani ili nikimbilie vichanjani. Natafuta shati nililovua jana nikaliweka kitini, halipo.

Kalista, mke wangu, akaingia na simu mkononi.

"Mama amepiga."

"Kahawa?"

"Kavu yote. Anasema ukachukue shati lako kwenye kichanja." Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Na anaomba uende umevaa lingine."