Mluzi wa Mikayi

Marehemu Aloo, mke mwenzangu, hakuwa na meno sita ya chini. Aling'olewa akiwa msichana, desturi yetu sisi Wajaluo wa zamani. Mimi Roseline nilisoma misheni hadi darasa la nne, nikabaki na yangu yote, na kwa miaka thelathini na mmoja katika vyumba viwili hapa Kaloleni Aloo akaniita Meno ya Punda. Mimi nilimwita Mikayi, yaani mke mkubwa, kwa heshima. Nikiwa peke yangu jikoni nilimwita Firimbi, maana hewa ilimponyoka kwenye pengo, na kila neno lenye "s" likatoka na mluzi. Ulimsikia kabla hujamwona.

Mwaka wa sabini na tisa, mzee wetu Opiyo akiwa ameshatangulia, akaja Mwalimu Mativo na mashine ya kunasa sauti. Mkamba, miwani, viatu vimepigwa rangi hadi nzi wanateleza. Alikuwa anasomea chuo kikuu jinsi sauti zinavyojipanga katika lugha za watu.

"Kijaluo unakijua?" nikamwuliza.

"Hata neno moja, mama. Na ni afadhali. Nikijua maana, masikio yatadanganyika."

"Kumbe hata ukitukanwa unaandika tu."

Hakucheka. Wasomi hawacheki kabla ya chai.

Siku nne alimtamkisha Aloo maneno: jicho, mara tatu, samaki, mara tatu, jiwe. "Tena, mama. Tena." Mimi kicheko kilinishinda, kikaingia kwenye tepu. Siku ya tano akataka hadithi yoyote, ndefu, isiyokatizwa. Aloo akanitazama kwa pembe ya jicho, akasema atasimulia siku niliyoletwa kuolewa. Mwalimu akanionyesha mlango.

"Mama Roseline, tafadhali. Utaniharibia."

Nikakaa uani kwa jirani yangu Teresiah, naona dirishani midomo ya Aloo ikienda, sisikii kitu. Mwalimu alipoondoka nikaingia.

"Umesema nini juu yangu?"

"Ya moyoni."

"Matusi?"

"Kaulize mashine, Meno ya Punda." Akacheka, mluzi ukafika hadi barabarani.

Nikaapa siulizi. Wacha nikwambie, kiburi cha mke mdogo ni kigumu kuliko muhogo wa juzi. Miezi sita ikapita hivyo, kisha nimonia ikamchukua Aloo kwa siku tatu. Tukampeleka nyumbani Alego, akalazwa kando ya Opiyo, mimi nikarudi Kaloleni kwenye vyumba ambavyo ghafla vilikuwa vikubwa. Nikifunika sufuria nasikia mwangwi. Hapo ndipo lile neno lake, "ya moyoni", likaanza kunila. Miaka thelathini na mmoja sikupata kusikia jema kutoka kinywani mwake, na kama lilikuwepo hata moja, lilikuwa kwenye ile tepu.

Nikafunga kitambaa kichwani, nikatembea hadi Makadara, anakokaa Mwalimu.

"Pole sana, mama. Kaa, kaa." Akaisikia haja yangu, akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. Akawasha mashine. Ikatoka sauti ya mzee wa Kitaita anataja majina ya ndege.

"Huyu si Aloo," nikasema.

"Tepu ni shida kupatikana, mama. Nikishaandika, narekodi juu yake."

"Na mluzi wake umeuandika?"

"Ule? Hapana. Ule ni wa pengo la meno, si wa lugha. Mimi natafuta kile ambacho Wajaluo wote wanacho. Cha mtu mmoja tunakiacha."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayenimegea mkate.

"Lakini hadithi ninayo," akaongeza. Akavuta karatasi iliyojaa vialama kama miguu ya siafu, akaanza kusoma.

Mungu wangu. Mkamba asiyejua hata "maji" kwa Kijaluo alipandisha sauti Aloo alipoipandisha, akaishusha alipoishusha, neno kwa neno. Maneno ni ya Aloo, mdomo wa mgeni, mluzi hakuna. Ilikuwa kama kuletewa nguo za marehemu zimefuliwa.

Aloo alikuwa amesema: "Opiyo aliniletea msichana mwembamba, kichwa kama kibuyu. Nikasema huyu hamalizi msimu. Nikamficha chumvi. Nikawakataza watoto wangu wasimwite mama. Sasa nimezeeka naye. Sijapata kumwambia, lakini..."

Mwalimu akaweka karatasi chini.

"Endelea," nikasema.

"Imeishia hapo. Sauti niliyokuwa naiwinda niliipata kwenye neno lile la mwisho, nikaacha kuandika." Akashika kalamu, macho yanameta. "Alikuwa anasema nini, mama? Siku zote nimetaka kujua."

Nikamtazama, viatu vyake, miwani yake.

"Anasema maharage yameungua."

Akaandika.

"Na hilo la mwisho?"

"Hilo pia ni la maharage."

Akanishukuru sana. Akaniomba nikae nimsomee maneno mimi, kwa vile meno yangu yametimia na sauti zitatoka safi. Nikamwambia nina sufuria motoni.

Nyumbani nilifunga mlango, nikaegemeza ulimi kwenye meno ya chini, nikatamka "samaki". Nikarudia mara tatu, kama alivyotamkishwa yeye. Lilitoka safi, bila mluzi, kama la mtu yeyote.