Kamba ya Nguzo ya Saba

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya bajeti, kamba ilitolewa ghalani. Wafumaji wa mitaa yote ya Kunguza waliibeba mabegani, ikavuka uwanja kama mto mnene wa katani, na kichwa chake kilikuwa kimekwisha kuingia katika ukumbi wa Baraza huku mkia wake ungali gizani ghalani. Kila kaya ilikuwa imetoa katani yake, tajiri na fukara, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kodi ya nchi ile. Hata walionung'unika wakati wa kuitoa walisimama kimya ilipopita.

Kunguza ulikuwa mji uliokaa hewani. Chini yake hapakuwa na ardhi bali nguzo saba za marumaru nyeupe, kila moja nene kuliko mtaa, zilizopanda kutoka katika bonde lililofunikwa na ukungu mwaka mzima, na hakuna kumbukumbu iliyosema nani alizisimamisha. Wageni walioziona kwa mbali walikatiza mazungumzo yao na kuvua kofia. Wenyeji, kwa kuzaliwa juu yake, walikuwa wameacha kushangaa. Mji ulitawaliwa na Waheshimiwa wa Baraza, watu wa majoho ya kijani, ambao nyumba zao zilijengwa kwa marumaru ileile nyeupe. Hakuna aliyeuliza ilitoka wapi, kwa kuwa jibu lilijulikana: Ushirika wa Marumaru ulikuwa na leseni ya kuchonga nguzo kutoka chini, "kwa kiasi", na barabara ya kufika huko chini ilikuwa mali ya Ushirika, marufuku kwa mtu mwingine yeyote.

Kukiangalia kiasi hicho ilikuwa kazi ya Idara ya Nguzo. Mkaguzi aliteremshwa kwa kamba kutoka ukingo wa mji mpaka kitako cha nguzo, akakigonga kwa nyundo ya Idara na kusikiliza. Mlio ukiwa mzito, leseni iliendelea. Ukiwa wa kitu chenye uwazi, uchongaji ulisimama papo hapo. Lakini sheria ilikuwa na kifungu kingine, kifupi, kilichopitishwa mchana mmoja wakati wajumbe wengi wakiwa kwenye chakula: nguzo isiyogongwa kitako kabla ya jua la siku ya bajeti kuzama itahesabiwa kuwa nzima, na leseni yake itajihuisha yenyewe.

Bi Selwamba, mkurugenzi wa Idara na mkaguzi wake, alikijua kifungu hicho kwa moyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyesomea mawe na mizigo, na asubuhi ile alikuwa na jambo moja tu la kutaka: kamba ya kufika kitako cha nguzo ya saba. Alikaa mwisho wa ukumbi, mahali pa Idara, akaitazama kamba ikija.

Ilikuja kwa desturi. Ilipita katika kila benchi, kutoka paja hadi paja, na kila Mheshimiwa iliyempitia alikuwa na haki ya kukata kipande kwa ajili ya haja za jimbo lake. Kilichosalia ndicho kilichokuwa bajeti ya Idara. Mheshimiwa Lulasi wa Soko la Juu alikata cha kuanikia nguo za wajane. Jirani yake, Mheshimiwa Finyoro, alikata cha kufungia mbuzi, akapima tena, akakata kingine.

"Mheshimiwa, hao mbuzi unawafunga au unawavisha?" Lulasi alimuuliza.

"Wa kwangu wakorofi, dada yangu. Kama wapiga kura wako."

Ukumbi ulicheka. Visu viliendelea kufanya kazi, na kamba iliyoingia nene kama mto ilifika benchi za nyuma ikiwa kijito. Bi Selwamba aliomba nafasi ya kusema, akapewa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mwaka jana kamba iliishia kiunoni mwa nguzo. Kitako cha nguzo ya saba hakijagongwa tangu nipewe ukurugenzi. Soko liko juu yake, na milango ya soko haifungi tena. Fremu zimepinda."

"Aitwe seremala!" sauti ilitoka benchi za kati.

"Ukumbi huu pia uko juu yake."

Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Dokamo, alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. "Bi Mkurugenzi, hicho kiuno mlikikutaje?"

"Kizima, Mheshimiwa."

"Kizima. Na mwaka jana ilianguka nguzo yoyote?"

"Hapana."

"Basi kamba ilitosha. Nisaidie, mama, maana mimi sikusoma kama wewe. Kitu kilichotosha kinaongezwaje?"

Meza zilipigwa kwa furaha. Bi Selwamba alingoja zinyamaze.

"Mhimili wa chuma tunaofungia kamba uko katikati ya uwanja," alisema. "Hii iliyobaki, ikifungwa pale, itaishia kiunoni tena."

Milangoni wafumaji walianza kunong'ona. Dokamo aliusikia mnong'ono huo, na kwa kuwa alikuwa hodari wa kugeuza kila mnong'ono kuwa sifa yake, alisimama akakunjua mikono.

"Waheshimiwa, fundo linakula kamba. Mwendo wa kutoka kwenye mhimili hadi ukingoni unakula kamba bure. Kwa nini tuongeze wakati tunaweza kubana matumizi? Natoa hoja: kamba isifungwe popote. Tutaishika wenyewe, ukingoni, kwa mikono yetu hii, mpaka mkaguzi agonge kitako. Na atakayeachia, kiti chake kiwe wazi!"

"Naunga mkono!" Finyoro alipaza sauti. "Na tusimame kwa itifaki. Mwenyekiti mbele!"

"Mwenyekiti mbele," Dokamo alikubali, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyoooo!"

"Wasioafiki?"

Hakuna aliyejibu. Bi Selwamba aliomba azimio lisomwe tena pamoja na kile kipengele cha kiti kuwa wazi, nalo likasomwa. Alishukuru, akachomeka nyundo mshipini. Hakuna aliyemuuliza kama kamba ingetosha hata hivyo, na hesabu yake ilikuwa imekwisha kumwonyesha kwamba ingepungua kidogo.

Mchana aliteremshwa. Alikuwa ameshuka mara nyingi, lakini hakuwahi kuzoea: mji ulifungwa juu yake kama kifuniko, kelele za soko zikakatika, kukabaki ukuta mweupe usio na mwisho kulia na kushoto, wenye ubaridi uliomfikia kabla hajaugusa. Alipita kiunoni, palikuwa pazima, kama alivyosema. Akaingia katika ukungu, na ndani ya ukungu ule aliona jambo ambalo hakuna somo lililomwandaa kwalo.

Nguzo ilikuwa inang'aa.

Wachongaji walikuwa wameila kutoka kila upande, taratibu, kwa ustadi mkubwa, na pale chini mzigo wote wa soko, wa ukumbi na wa maelfu ya watu ulisimama juu ya shingo nyembamba ya jiwe lililoweza kukumbatiwa na watu wachache. Jua la alasiri lilikuwa upande wa pili, nalo lilipita ndani ya marumaru kama linavyopita katika nta. Mishipa ya jiwe ilionekana yote. Bi Selwamba alisahau nyundo yake. Alitazama kwa muda, mdomo wazi kama mgeni aliyefika Kunguza siku hiyo.

Kisha kamba iliisha. Kitako kilikuwa bado chini ya miguu yake.

"Kamba!" aliita, na jiwe likaibeba sauti yake juu.

Juu hapakuwa na kamba. Ncha ilikuwa imezungushwa viganjani mwa Dokamo, na nyuma yake Waheshimiwa walipangana kwa vyeo, mikono mitupu.

"Tumvute!" Dokamo alisema.

"Hajagonga," Lulasi alijibu, akiwatazama wafumaji waliojaa uwanjani. "Azimio linasema mpaka agonge. Sogea kidogo, Mwenyekiti."

Dokamo alilala kifudifudi, akateremsha mikono. Haikutosha. Alisogezwa tena, makamu wake akamshika vifundo vya miguu. Lulasi akamshika makamu, Finyoro akamshika Lulasi, na hakuna aliyethubutu kuachia. Mwishoni wafumaji, bila kuombwa, walilishika joho la Mheshimiwa wa mwisho. Bi Selwamba alishuka shibiri moja, kisha nyingine. Alipoinua macho, juu kabisa katika mpasuko wa ukungu, aliona majoho ya kijani yakining'inia ukingoni, moja chini ya jingine, na uso mwekundu uliopinduka juu chini ukiitazama nguzo.

"Mama," sauti ya Dokamo ilimfikia, haina ulaini tena. "Hiyo inapitisha mwanga."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Imekuwa hivyo tangu lini?"

"Sijui. Kamba haikuwahi kunifikisha."

 Waheshimiwa walioning'inia, mmoja baada ya mwingine, waliliona lile jiwe, na hata kule ukingoni, ambako halikuonekana, watu walishusha sauti.

"Bi Mkurugenzi, usigonge."

"Nisipogonga, jua likizama ni nzima."

"Nakusihi. Tuko juu yake."

Miguu ya Bi Selwamba iligusa kitako. Aliweka kiganja juu ya marumaru. Ilikuwa na joto, na ndani yake kulikuwa na mtetemo mdogo sana ambao huenda ulikuwa wa jiwe na huenda ulikuwa wa mkono wake. Hakuwa na kipimo cha jambo hili. Hakuna mkaguzi aliyewahi kugonga jiwe linalopitisha mwanga. Jua lilikuwa limegusa upeo wa bonde.

Aliinua nyundo, akagonga.