Ploti ya Katoni

Siku ya maonyesho, Kathini alifika chuoni saa moja na nusu asubuhi akiwa amebeba ghorofa saba kichwani. Ilikuwa mfano wa ploti yao ya Tassia, jengo walimopanga, aliouunda kwa katoni za mafuta ya kupikia na mirija ya soda, kila mlango mahali pake. Aliiweka kati ya shairi kuhusu takataka na mashine ya Ubaid ya kupima moshi. Kufikia saa tatu, mifereji yake ilikuwa ikitoa maji.

"Kathini, hiyo ploti yako inavuja," Ubaid alimwambia, akasogeza nyaya zake.

Maji yalikuwa baridi, yananuka dawa kidogo, na yalijaza kikombe kisha beseni. Mfagizi alileta tambara akawaomba wageni wasiteleze. Kathini akampigia simu mamake, Nzembi.

Nzembi alikuja na mitungi miwili. Kwao msimamizi wa ploti alifungua kufuli ya maji mara moja tu kwa wiki, Jumanne, naye Nzembi alikuwa ameyapandisha hadi orofa ya sita kwa miaka tisa, mpaka mgongo ukakataa na siku hizi alifua akiwa ameketi. Hakuuliza maji yanatoka wapi. Aliweka mtungi chini ya mfereji wa orofa ya sita, mlango wa tatu, ambao ndio wao, kwa sababu hakutaka kuchota kwa wenyewe. Kwa kuwa yalitoka kidogo kidogo, akavuta kiti.

Mtungi wa kwanza ulikuwa nusu majaji walipofika. Mwalimu Dishon, ambaye pia alikuwa mpangaji wa Tassia, alikuwa ameshakagua miradi thelathini na viatu vilimbana. Aliizunguka ploti mara mbili, akachuchumaa.

"Hii haijakamilika," alisema. "Kufuli ya bomba kuu iko wapi?"

Kathini alikiri kwamba aliisahau. Alikuwa ameanza kujenga kutoka juu, na alipofika chini alikuwa amechoka. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwa upole kwamba mradi usiolingana na hali halisi haupiti, na asiyepita haruhusiwi kwenda kwenye mafunzo ya kazini. Akampa dakika kumi.

Kathini alimtazama mamake.

"Weka tu, mwanangu," Nzembi alisema. "Usirudie mwaka kwa sababu ya maji."

Kathini alikunja kipande cha bati, akakibandika kwa gundi kwenye bomba. Maji yakakatika. Alipata alama tisini na moja, wageni wakapiga makofi, na Nzembi akafunga mtungi wake ulivyokuwa.

Nyumbani waliiweka ploti juu ya kabati. Jioni Kathini alijaribu kuing'oa kufuli kwa kucha, kisha kwa kisu. Ilikataa. Akashuka orofa zote, akabisha kwa msimamizi wa ploti na kumwomba ufunguo wa ile kufuli ndogo ya katoni. Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia arudi Jumanne, apange foleni kama wengine.