Nati ya Pili

"Usinyanyue bado," Kucha alisema, lakini binti alikuwa ameshaingiza vidole chini ya boneti na kuipandisha. Bawaba zikalia. Harufu ya panya, vumbi na oili iliyoganda ikawapiga wote wawili usoni, na Kucha akarudi nyuma hatua moja akijifanya anatafuta kitambaa, ingawa kitambaa kilikuwa begani mwake.

Binti hakuliona hilo. Alikuwa ameinama juu ya injini ya gari la marehemu baba yake, mikono ameifungia nyuma, hathubutu kugusa.

"Ndivyo ilivyokuwa siku zote?" akauliza.

"Thubutu! Ilikuwa inang'aa. Baba yako alikuwa akijitazama humo na kuchana nywele."

Lilikuwa gari dogo la kijani, la viti viwili, lililotengenezwa kwa ajili ya watu wenye haraka. Lilikuwa chini mno, hata mtu mzima akiingia ungedhani amekaa juu ya lami. Kwa miaka kumi na minne lilikaa chini ya turubai nyuma ya nyumba ya mjane wa marehemu, na hakuna aliyeruhusiwa kulifunua. Mlango wa dereva ulikuwa umebonyea kwa ndani. Pua haikuwa na hata mkwaruzo. Asubuhi hiyo lilivutwa kwa kamba mpaka gereji, binti mwenyewe ameshika usukani. Kushika usukani ndiyo kazi yake, maana ni mwalimu wa udereva, na hata anapoomba maji ya kunywa husikika kama anayemwelekeza mtu apunguze mwendo.

"Shikamoo," alikuwa amesema aliposhuka. "Mama amenipa ruhusa. Nataka injini yote ioshwe, Fundi, kila kona. Halafu uniambie kama gari lilikuwa bovu."

"Marahaba. Bovu lini?"

"Siku ile."

Kucha lilikuwa jina la utani, na alilipata kihalali. Kila nati aliyoikaza aliitia tone la rangi ya kucha, nyekundu, ile ile wanayopaka wanawake. Mkewe ndiye aliyemfundisha, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, alipochoka kumwona akiacha chakula mezani na kurudi gereji mbio kuhakikisha kama amekaza hiki au kile. "Kaza, halafu paka," alimwambia, akamkabidhi kichupa chake mwenyewe. "Ukiona nyekundu, tulia." Wateja walicheka mpaka mbavu zikawauma. Walimuuliza kama anasuka nywele pia. Aliwaacha wacheke, kwa sababu magari aliyoyatengeneza hayakuwa na tabia ya kurudi.

Ni gari moja tu lililomnyima utulivu huo. Siku ile alikuwa amelibadilishia masta ya breki, kile chuma kinachosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu dereva anapokanyaga pedeli. Mafuta yalikuwa yameshajazwa, pedeli imeshapimwa. Zilibaki nati mbili zinazoishikilia masta kwenye bodi, zikazwe kwa mara ya mwisho. Alikuwa amekaza ya kwanza simu ilipolia. Mkewe amejifungua salama, mtoto wa kike.

Kucha alipiga ukelele. Mpigapicha, baba yake binti na mwenye gari, alikuwa ameketi juu ya ndoo akisubiri. Akaruka akamkumbatia hivyo hivyo na mafuta yake, na shati lake jeupe likapata alama za viganja viwili mgongoni. "Nenda, nenda kamwone mwanao," alisema. "Boneti nitafunga mwenyewe."

Baadaye Kucha alikumbuka kichupa cha rangi kikiwa mkononi mwake. Alikumbuka kibrashi chake. Spana hakuikumbuka, na ndilo lililomtesa. Alikuwa ameshafika barabarani aliposikia boneti ikifungwa nyuma yake, kuh! Kabla jua halijazama, kwenye kona ya kushuka darajani, gari liliacha njia likalala ubavu mtaroni, na mpigapicha hakufika hospitali akiwa hai.

Watu wakasema alikuwa amelewa. Kucha alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na maneno yale aliyasikia nyuma yake njia nzima mpaka makaburini. Hakuitika wala hakukana. Alikaa kimya wiki ya kwanza kwa hofu, ya pili kwa aibu, na baada ya hapo kimya kikawa mazoea. Lakini marehemu hakumwacha. Humjia usingizini na shati lake lenye viganja viwili, wala hagombi. Huuliza tu, kwa upole, "Umemaliza?" Na Kucha huamka kabla hajajibu. Kila mwaka siku ya kuzaliwa ya mwanawe inapokaribia hushikwa na homa, na mkewe humpa dawa ya mafua. Hajawahi tena kumwachia mteja afunge boneti, na yeye mwenyewe haibamizi. Huishusha kwa mikono miwili mpaka ikae.

Sasa alifunika plagi na nyaya kwa mifuko ya plastiki, akaifunga kwa mpira. Kwa koleo akatoa kiota cha panya kilichojificha pembeni mwa kabureta. Kilikuwa cha sponji ya viti na karatasi za picha zilizotafunwa. Kwenye kipande kimoja lilibaki sikio la mtu, na hereni yake.

"La nani hili?" binti akauliza.

"La yeyote. Baba yako alipiga picha mji mzima."

Binti akakipangusa kile kipande, akakitia mfukoni.

Juu ya rafu kulikuwa na makopo mawili. La kwanza lilikuwa na mafuta ya taa, yanayoondoa oili na kuiacha rangi salama. La pili lilikuwa la thina, isiyobagua. Hufuta oili, na rangi, na ushahidi. Kucha alisimama mbele ya rafu muda mrefu kuliko inavyohitaji mtu kuchagua kopo. Mkono ukashika thina.

"Hiyo si inababua rangi?" binti akasema nyuma yake. "Nainusa toka hapa."

"Nilikuwa naisogeza tu," Kucha akasema, akashusha mafuta ya taa.

Binti alikataa kukaa. Alikunja mikono ya blauzi, akachukua mswaki wa zamani, akaanza upande wa rejeta. Kucha akaanza upande wa pili. Walisugua, wakafuta, wakasugua tena. Uchafu ulitoka vipande vipande, mweusi, mzito, na chini yake chuma kikaanza kuonekana. Siku nyingine Kucha angeipenda kazi hiyo. Alikuwa mtu wa kuimba akiosha injini. Leo hata mluzi ulimshinda.

"Mama haongei juu yake," binti alisema bila kuinua kichwa. "Ukimtaja Baba anasema, 'Pombe haina rafiki,' basi, mazungumzo yameisha. Picha zake zote alizigeuza zikatazama ukuta. Mimi nilikuwa na miaka kumi, Fundi. Alinibusu kabla ya kuja kulichukua gari hapa kwako. Alinukia sabuni. Kila asubuhi nawanusa wanafunzi wangu kabla sijawapa ufunguo. Naijua harufu ya pombe."

Kucha akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, ingawa kilikuwa bado kinachuruzika.

"Ulimwona siku ile," binti akaendelea. "Alikuwa amelewa?"

"Hapa hakunywa hata maji."

"Kwa nini hukumwambia Mama?"

Swali lilikuwa dogo, na Kucha alikuwa na miaka kumi na minne ya kulitafutia jibu. Akasema mambo ya kuoza kwa nyaya, na kwamba rejeta imetoboka, na kwamba panya wana meno. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, kwa subira ya mtu aliyezoea kukaa kando ya waoga.

"Fundi."

"Naam."

"Kona ile, chini ya kioo, upande wa dereva. Umeiruka mara tatu."

Hapo ndipo ilipokuwa masta ya breki. Kucha akapiga moyo konde, akauchukua mswaki mikononi mwa binti. Oili na vumbi vilikuwa vimefanya tabaka nene kama ukoko wa sufuria. Alilowesha, akasubiri, akasugua. Nati ya kwanza ikatokeza, na juu yake tone jekundu. Hiyo hakuwa na shaka nayo. Akahamia ya pili. Akalowesha tena, akasugua, akafuta kwa kidole gumba.

Nyekundu.

Kucha akacheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, na machozi yakakifuata, na hakujali kuonekana. "Nyekundu! Umeiona? Hii hapa, mwanangu, iangalie. Nyekundu!"

"Maana yake nini?"

"Maana yake nilikaza. Zote mbili. Miaka yote hii... Nilikaza!"

Binti akaitazama ile rangi, kisha akamtazama yeye. Maana ya tone jekundu aliijua tangu utotoni, ila alitaka kuisikia kinywani mwa fundi mwenyewe. Nani mjini hakujua kichekesho hicho?

"Kwa hiyo breki zilikuwa nzima," akasema.

"Nzima kabisa."

"Gari halikuwa na tatizo."

"Halikuwa na tatizo lolote, mwanangu."

Binti akatikisa kichwa taratibu. Akatoa kile kipande cha picha mfukoni, akakitazama, akakiweka ukingoni mwa gari. "Basi Mama alikuwa sahihi," akasema, na akaondoka kwenda bombani kunawa.

Furaha ya Kucha ikamwishia mdomoni. Alitaka kumwita amwambie si lazima iwe hivyo, yapo mengine, kuna utelezi, kuna mbuzi wa kuvuka barabara. Lakini maneno ya namna hiyo huwa mepesi. Akabaki ameinama juu ya injini, na kwa kuwa mikono haijui kukaa bure, ikachukua spana. Ilikuwa desturi yake. Hakuna kazi aliyoifunga bila kuipitia nati kwa mara nyingine.

Ya kwanza ilikataa, imara. Akapeleka spana kwenye ya pili, akavuta, na spana ikaja yote, bila kupingwa.

Akadhani haikukaa sawa. Akaitoa, akaishika nati kwa vidole. Ikazunguka. Oili ile ile iliyoificha ilikuwa imeilinda na kutu, na nati ilizunguka laini, kama kifuniko cha chupa, na tone jekundu likazunguka nayo.

Ndipo siku ile ilipomrudia yote, tena wazi. Kichupa kilikuwa kimeshafunguliwa kwa ajili ya nati ya kwanza. Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega. *Mtoto wa kike.* Kibrashi kilikuwa kimelowa rangi, nati mbili zipo jirani, naye kwa furaha akapaka hii na ile kwa mpigo mmoja. Alikuwa akaze baadaye kidogo. Halafu mtu akamkumbatia.

Bomba lilikuwa likimwagika. Binti alikuwa amempa mgongo, anajisugua viwiko kwa nguvu, mabega yake yakipanda na kushuka namna isiyohitajika kwa kunawa mikono. Spana ilikuwa bado mkononi mwa Kucha. Ilihitaji mizunguko miwili tu. Mizunguko miwili, na rangi ingesema kweli, na jina lake lingebaki pale lilipochorwa kwenye geti, na mwanawe angerudi shuleni kesho kama kawaida. Nati moja kulegea haiui kila mara. Labda ilikuwa kona. Labda ulikuwa mwendo. Labda hizo angezihesabu mpaka siku ya kufa, na kila moja ingekuja usingizini imevaa shati jeupe.

"Umemaliza?" binti aliuliza kutoka bombani.

Kucha akafumba macho. Alipoyafumbua, akaiweka spana chini sakafuni, akaisukuma kwa mguu mpaka ikaingia uvunguni mwa meza, mahali ambapo hangeifikia upesi.

"Bado," akasema. "Funga bomba, mwanangu. Njoo."

Binti akaja, maji yakimdondoka viwikoni, macho mekundu. Kucha akamwonyesha kwa kidevu, maana mkono hakuuamini.

"Hiyo nyekundu ya pili. Ishike kwa vidole."

"Niifanye nini?"

"Igeuze."

Mwalimu wa udereva akainama. Akaishika nati kwa kidole gumba na cha shahada, akageuza, na tone la rangi likapanda juu, likashuka upande wa pili, likapotea, likatokea tena. Aliendelea kugeuza, polepole, na maji ya mikononi mwake yakidondoka juu ya chuma kisafi.