Chumba cha Khainza Chaelekea Kaskazini

Jumatatu moja ya mwaka 1996, Khainza alikuwa akipiga pasi sare za wanajeshi mtaani Kimaka, Jinja, wakati Sulait, mwenye nyumba, alipokuja kupandisha kodi kwa mara ya tatu mwaka huo.

"Sio mimi, Mama Milly. Ni Jinja imepanda."

"Imepanda wapi, bwana, na sisi bado tuko chini?"

Sulait akacheka, akaenda mlango wa jirani.

Saa nne chumba cha Khainza kilijibandua kwenye safu ya vyumba, kikashika barabara ya Mbale kwa mwendo wa mjamzito. Khainza alimwaga makaa ya pasi ili asiunguze sare. Jambo moja tu lilimsumbua. Marehemu mumewe Jude, askari magereza, alikuja kila jioni kunywa chai, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwelekeza siku ya maziko, akiwa ameinama kaburini: Kimaka, mlango wa nne. Anwani nyingine hakumpa.

"Akija, mwambie nimeenda Iganga," alimwambia jirani yake Margret kupitia dirishani.

"Nitamwambia. Lakini yule wako hata akiwa hai alikuwa anapotea."

Iganga nako kodi ikapanda. Chumba kikaendelea, na vingine vikakifuata, vikikatiza mashamba ya mpunga ya Tirinyi na kushindilia tope hadi likawa gumu. Wahandisi wakaja, wakapima nyayo za kuta, wakamwaga lami juu yake. Kando yake yakaota maduka na vinu vya mpunga. Redio ikasema eneo limeendelea.

Chumba kilisimama Mbale, chini ya mlima Wanale. Kwa miezi saba Khainza alimimina vikombe viwili, akamwaga kimoja.

Jioni moja Jude akaingia, soli zimeisha. Wafu hawana nauli. Iganga alikuwa amemkosa kwa siku mbili, Tirinyi kwa siku moja, kisha akapotea njia miezi yote hiyo. Akaketi, akanywa.

Gari la Sulait likasimama nje. Lami mpya ilikuwa imemfikisha upesi, na viwanja vya huku alishavinunua.

"Afande, pole kwa kufa," alimsalimia Jude. Kisha akamgeukia Khainza. "Mbale nayo imepanda."

Ukuta wa nyuma ukaanza kujikung'uta udongo. Jude akashika kikombe kisimwagike.

"Sasa wapi?"

"Soroti."

"Huko kuna barabara?"

"Itakuja nyuma yetu," akasema Khainza.