Alama za Bihogo

Pembe zilikuwa zimekatwa, na pale pajani penye kovu ngozi ilikuwa imeunguzwa kwa chuma cha moto. Rugamba alimtazama ng'ombe aliyetolewa zizini. Muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa amezitaja alama zake mbele ya baraza la wafugaji wa Pinga, kama desturi inavyomtaka mtu anayedai mnyama aliyepotea: pembe ya kushoto imeinama, kovu la senyenge pajani, pengo sikioni. Sikio nalo lilikuwa limekatwa. Kilichobaki ni rangi ya kahawia, na ng'ombe wa kahawia wamejaa milima yote.

"Papa Rugamba," alisema mzee Kanyamibwa, msimamizi wa baraza hilo, "alama hata moja haiko. Unajua namna gani kama iko yako?"

"Najua tu. Huyu njo Bihogo, ng'ombe yangu."

"Toa pembe, toa kovu, toa sikio. Kunabakia nini ya kuita Bihogo?"

Rugamba aliamini kwamba nyuma ya alama zote yupo Bihogo mwenyewe, ambaye kisu hakimfikii. Lakini kila alipojaribu kumtaja huyo, ulimi ulimletea alama nyingine: upole wake, mwendo wake, alivyoitikia akiitwa. Akikwangua hizo nazo, hakuna kitu. Na kule kambi ya wakimbizi mkewe Vénantie alikuwa akisubiri, maana katika kundi zima walilonyang'anywa Masisi, huyu tu ndiye aliyesikika kuwa hai.

"Muniache nimukamue," aliomba. "Bihogo hawezi kuachilia mugeni maziwa."

Wakakubali. Jean-Marie, aliyemnunua ng'ombe huyo sokoni bila kujua alikotoka, akamsogezea ndoo. Rugamba alichuchumaa, akamwita kama zamani. Sauti ilitoka nyembamba, sauti ya mtu aliyekohoa misimu miwili chini ya turubai. Mikono iliyokuwa ikinuka siagi na moshi wa zizi sasa ilinuka sabuni ya msaada. Ng'ombe alimnusa, akarusha teke, akabana maziwa. Jean-Marie alipochuchumaa, maziwa yakashuka bila taabu.

Hapo Rugamba akaelewa, na heri asingeelewa. Ng'ombe naye alikuwa akitafuta alama. Alimtafuta bwana mmoja mnene wa sauti, anayenuka siagi, ambaye wito wake ulivuka bonde zima, na bwana huyo hakuwapo.

"Unasema nini, Papa?" Kanyamibwa aliuliza taratibu. "Iko yako ao hapana?"

"Ng'ombe njo ile," Rugamba alijibu. "Mimi njo siko tena ule wa zamani."

Jean-Marie, macho chini, alichota kikombe cha maziwa yangali na joto, akampa. Rugamba alikipokea kwa mikono miwili, akanywa, akashukuru kama mgeni anavyoshukuru.