Joto Lisiloonekana

Mwalimu wa fizikia alimfundisha mpwa wake mwenyewe, binti wa dada yake, ambaye darasa zima lilimwita Mbona kwa jinsi alivyopenda kuuliza. Siku hiyo somo lilikuwa nyota. Mwalimu alishika kipande cha nondo kwa koleo, akakichoma kwenye jiko la gesi hadi kikawaka manjano, kisha akazima jiko. Kikafifia, kikawa chekundu.

"Kadiri kinavyopoa ndivyo kinavyokuwa chekundu," akawaambia. "Nyota hatuifikii, lakini rangi yake inatupa jibu. Ya buluu inatoa nishati kali, nyekundu imepoa."

Kengele ikalia. Akakilaza kipande juu ya tofali, akamwambia mpwa wake apange meza, naye akatoka kwenda kupiga soga ofisini. Hakufika mbali, akasikia yowe.

Aliporudi mbio, kiganja kizima cha binti kilikuwa kimeungua. Mwalimu mkuu alipouliza, mjomba mtu akajitoa kimasomaso: mtoto hakuwa makini. Jioni, nyumbani kwa dada yake, akarudia maneno yale yale. Dada akamgombeza binti kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na binti akainama tu. Mwalimu akakaa na kikombe chake cha chai, akiwatazama.

Dada alipoingia jikoni, mwalimu akamuuliza mtoto kwa sauti ya chini kwa nini alikishika kile kipande.

"Mjomba, ulisema chekundu ndicho kilichopoa. Kile hata wekundu hakikuwa nao tena. Nikajua kimepoa kabisa."

Akaitafuta kasoro ya hoja ile, asiione. Mtoto alikuwa amefuata maneno yake hatua kwa hatua, yakamfikisha motoni. Yeye ndiye aliyesahau kusema kwamba kitu huendelea kutoa nishati hata kikiwa cheusi, ila jicho haliioni.

Akamfuata dada yake jikoni, akamweleza yote, na uongo wake pia. Dada akaweka mwiko chini.

"Umeniacha nimgombeze mwanangu," akasema, "nawe umekaa unatutazama."

Kesho yake alikiri mbele ya darasa na mbele ya mwalimu mkuu, akapewa onyo kali. Halikumuuma kama maneno ya jikoni. Kisha kila jioni akawa anapita kwa dada yake kuosha vyombo, kazi iliyokuwa ya binti, mpaka bendeji ilipofunguliwa. Dada hakumkataza, wala hakumshukuru.